Tumkumbukeje Babu Aliyepigana Vita vya Wengine?

Katika vijiji vingi vya nchi yetu palikuwapo mzee mmoja au wawili walioitwa wazee wa Keya. Keya ndilo jina ambalo ndimi zetu zililipa jeshi la King's African Rifles, jeshi la Mfalme wa Uingereza katika Afrika ya Mashariki. Leo ni nadra kumkuta hata mmoja wao aliye hai, kwani kijana aliyeandikishwa mwaka 1940 akiwa na miaka 20 angekuwa sasa amekwisha kupita miaka 100. Wameondoka mmoja mmoja pasipo kishindo, wakatuachia koti zito lililoliwa na nondo, au nishani ambayo watoto waliichezea hata utepe wake ukapotea. Wametuachia pia swali ambalo si jepesi: yatupasa tumkumbukeje mtu tuliyempenda, aliyepigana kwa moyo thabiti katika vita visivyokuwa vyake?

Swali hili hatulitoi kwa ajili ya kupoteza wakati. Mwalimu wa historia hulikuta darasani kila afikapo kwenye sura ya Vita Kuu ya Pili. Mwanafunzi mmoja huinua mkono akasema kwamba babu yake alikuwa shujaa wa Burma. Mwingine, ambaye pengine amesoma habari za ukoloni kwa makini zaidi, humjibu kwamba askari wa mkoloni ni kibaraka wa mkoloni, na darasa hugawanyika. Kengele ikilia, mwalimu hushukuru. Sisi twaona kwamba majibu yote mawili yana upungufu mmoja, nao ni kwamba yamekuwa tayari kabla mzee mwenyewe hajaulizwa.

Babu yetu alikuwa mtu wa Nkoaranga, upande wa kusini wa Mlima Meru, mahali ambapo wamisheni wa Leipzig walijenga kituo chao mwaka 1902, na ambapo migomba na mibuni huota bega kwa bega hata mgeni asiweze kutambua shamba la huyu laishia wapi na la yule laanzia wapi. Alizaliwa mnamo mwaka 1920 na kufariki mwaka 1994. Sisi wajukuu tulimjua kama mkulima tu: mtu wa kuamka alfajiri akakata majani ya ng'ombe, wa kugombea zamu yake ya maji ya mfereji, wa kula loshoro kimya kimya na kusema baada ya kushiba. Lakini palikuwa na mambo machache ambayo hayakufanana na wazee wengine. Blanketi lake lilikunjwa kwa pembe nne zilizolingana kana kwamba kuna atakayekuja kulikagua. Alinyoa ndevu kila siku, hata siku za msiba. Tena hakuvumilia kabisa mtu alale na miguu mibichi. Mjukuu aliyepanda kitandani bila ya kujifuta alishushwa chini usiku wa manane akapewa kitambaa, na hakuna aliyeelezwa sababu.

Kiswahili chake kilikuwa Kiswahili cha Keya, kisichojali ngeli. Nyumbani alisema Kimeru. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya kuwaamuru ng'ombe na kutufundisha hesabu. Wataalamu wa lugha wamekicheka Kiswahili kile, na kweli kilichekesha. Hata hivyo kwa lugha hiyo mtu wa Meru alielewana na Mnyasa na Mganda katika handaki moja, na wengi walioondoka milimani bila ya kujua lugha yoyote isipokuwa ya mama zao walirudi wakiwa na lugha ya taifa ambalo lilikuwa halijazaliwa.

Alituhadithia habari za bahari, ambayo hakupata kuiona kabla ya siku ile alipoingia melini Mombasa. Alituhadithia kisiwa cha Seiloni, kinachoitwa sasa Sri Lanka, na mvua za Burma zilizonyesha bila ya kupumua, na nyumbu waliozama tope hadi tumboni. Yote hayo aliyasema kwa kicheko. Mjukuu alipomwuliza ameua watu wangapi, alitumwa kwenda kuteka maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Historia iliyoandikwa inathibitisha tope lile. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipelekwa Burma katikati ya mwaka 1944, nayo ilikuwa na askari wa Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Tanganyika. Batalioni za 26 na 36 za Keya zilikuwa za Watanganyika. Waliwafuata Wajapani kwa kushuka bonde la Kabaw katika majira ya masika ya huko, bonde ambalo kwa sababu ya malaria na homa nyinginezo Waingereza wenyewe waliliita bonde la mauti. Mwezi Desemba walivuka mto Chindwin penye mji wa Kalewa, na hapo likajengwa daraja la chuma lenye urefu wa mita 350 hivi. Wengine hawakufika hata huko. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani, wakafa watu karibu 1,300. Kwa jumla Watanganyika zaidi ya 80,000 walitiwa katika majeshi wakati wa vita vile. Wako waliojitolea kwa kutaka mshahara au kuiona dunia. Wako waliotakiwa na serikali, na watawala wa kienyeji wakaambiwa watoe watu. Babu alieleza kuondoka kwake kwa maneno machache: jina lilitajwa, akaenda.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Siku ya mazishi yake, kama ilivyo desturi, ulisomwa wasifu wa marehemu. Jamaa walioutunga walikuwa wameutia sentensi isemayo kwamba mzee alipigania uhuru wa nchi yetu katika misitu ya Burma. Ilisomwa kwa sauti nzuri, na watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Ndipo akainuka mzee mmoja wa rika lake, naye wa Keya, akajiegemeza kwenye fimbo, akasema: “Hapana. Kule tulipigana vita vya Kingi Joji. Uhuru tuliutafuta hapa, tulipofika nyumbani. Msimchanganyie.” Kisha akaketi. Palikuwa na mnong'ono, na mmoja wa jamaa alikasirika waziwazi, kwa kuwa si adabu kumpunguzia marehemu sifa kaburi likiwa wazi.

Je, mzee yule alikosa adabu? Kuna hoja nzito ya kusema alikosa. Marehemu hadhuriki na sifa. Walio hai hufarijika, vijana hupata kielelezo cha kuiga, na taifa changa lahitaji mashujaa kama mtoto ahitajivyo maziwa. Neno la uongo kidogo lililotoka katika mapenzi lina ubaya gani? Na sisi tulio na mazoea ya kutunga mashairi twajua jinsi neno uhuru linavyomvuta mtungaji: vina vyake ni tele, nuru, shukuru, nusuru, na ubeti hujiandika wenyewe.

Lakini tumelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, na twamwona mzee yule kuwa ndiye aliyemheshimu mwenzake kuliko sisi sote. Tazama sentensi ile inafanya nini. Ikiwa babu alikwenda Burma kupigania uhuru, basi alikwenda kwa haja yake mwenyewe, akakipata alichokifuata, na hakuna amdaiye mwenziwe. Mfalme hadaiwi. Serikali iliyomtoa shambani, ikamtia melini na kumrudisha akiwa na homa isiyokoma, haidaiwi chochote. Sifa ile nzuri imelifuta deni lote. Mwaka 2019 hati za zamani za serikali ya Uingereza zilitolewa hadharani, zikaonyesha kwamba askari Mwafrika alipoagwa jeshini alilipwa kiinua mgongo cha karibu theluthi moja tu ya alicholipwa Mzungu wa cheo kilekile. Mtu aliyepunjwa hivyo haponywi kwa kuambiwa kwamba vita vilikuwa vyake. Huko ni kumpunja mara ya pili.

Wala yule mwanafunzi asemaye kibaraka hajatoka katika shimo hilihili. Naye hulifuta deni, kwa njia nyingine: kibaraka hadhulumiwi, amepata stahili yake. Tena hukumu hii hutolewa na mtu aliyekaa kivulini. Kijana wa Meru wa mwaka 1940 hakuwekewa mbele yake njia mbili, moja ya kumtumikia mkoloni na nyingine ya uhuru, akachagua ya kwanza. Wakati ule hata TANU ilikuwa bado miaka 14 haijazaliwa. Aliwekewa njia moja, na uchaguzi aliokuwa nao ulikuwa ni wa namna ya kuipita.

Na hapo ndipo tunapokuta jambo la kweli la kumsifia mtu. Sababu ya vita ni ya wale walioviamua. Mwenendo wa mtu ndani ya vita ni wake. Sababu yenyewe, tuseme kwa haki, haikuwa mbaya yote: askari wa Keya walishiriki mwaka 1941 kuwatoa Waitalia katika nchi ya Uhabeshi, nchi huru ya Afrika iliyovamiwa mwaka 1935. Lakini tuiache sababu. Kumgawia mwenzio maji yako ya mwisho ni wema hata kama nyote wawili mmepelekwa hapo na mtu asiyestahili kuwapeleka. Asiyemwacha majeruhi topeni ni shujaa, awe amevaa kofia ya nani. Hatuwezi kumnyang'anya babu ushujaa huu kwa kuwa haukuwa na bendera yetu. Vilevile hatuwezi kuuchukua ushujaa huu tukaupaka rangi za bendera yetu, maana bendera hiyo haikuwapo.

Mzee yule wa mazishini alisema uhuru waliutafuta nyumbani. Kila Mmeru alimwelewa, ila twaeleza kwa ajili ya wasomaji wa mikoa mingine. Kuanzia enzi ya Wajerumani ardhi nyingi nzuri iliyouzunguka Mlima Meru ilikuwa imegawiwa walowezi, hata Wameru wakabaki wamebanwa kati ya msitu na mashamba ya wageni. Upande wa kaskazini mashariki, penye Ngarenanyuki, walikuwa wamebakiwa na nchi ya malisho. Mwaka 1947, wakati askari wengi wamekwisha kurudi, tume ya Jaji Mark Wilson ilitoa taarifa iliyopendekeza mipaka ya ardhi ipangwe upya, na serikali ikaamua kwamba Wameru waondoke Ngarenanyuki ili pawe mahali pa mashamba ya mifugo ya Wazungu. Wameru walikataa kwa maneno, hawakuinua silaha. Mwezi Novemba 1951 walitolewa kwa nguvu, watu wapatao 3,000. Nyumba zao zilichomwa moto na mifugo yao ikaswagwa.

Hebu fikiri, msomaji, juu ya mtu aliyekuwa ameitumikia serikali ile miaka minne, aliyefundishwa nayo kutumia bunduki, akisimama sasa na kuuona moshi wa nyumba ya kaka yake. Ng'ombe wa babu walikuwa huko Ngarenanyuki, wakitunzwa na kakaye, na baadhi yao hawakuonekana tena. Walikuwapo wazee wa Keya wengi mlimani wakati ule, watu waliokwisha kuwaona Wazungu wakiogopa na wakilia kama watu wengine. Kama wangetaka kumwaga damu, ujuzi walikuwa nao. Wameru walichagua njia nyingine: walichanga senti na shilingi, wakamtuma Kirilo Japhet, akiwa pamoja na wakili Earle Seaton, hadi New York. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akaeleza jinsi watu wake walivyotolewa. Ardhi haikurudishwa kwa maneno yale. Lakini nchi nzima ilisikia kwamba Mtanganyika mkulima anaweza kuishitaki serikali mbele ya mataifa, na miaka mitatu baadaye, mwaka 1955, Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza hilohilo.

Katika mchango ule babu aliuza mbuzi wawili. Hii ndiyo hadithi aliyoisimulia bila ya kicheko, na aliisimulia kwa ukamilifu: bei ya mbuzi, jina la mnunuzi, na mti ambao fedha zilihesabiwa chini yake. Habari za Kalewa alizisahau nusu. Mtu akitaka kujua mzee alizihesabu siku zipi za maisha yake kuwa zake, na asikilize ni wapi anakumbuka bei.

Kuna kukumbuka kwa namna nyingi, na taifa letu lina mifano ya kutufaa. Dar es Salaam, katikati ya mji, imesimama sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Ni sanamu nzuri, ina maandishi kwa Kiswahili na Kiingereza, lakini hakuna jina la mtu hata mmoja. Si mbali na hapo ni soko la Kariakoo, ambalo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita vilevile. Maelfu ya watu hununua vitunguu na kanga pale kila siku juu ya jina la watu waliokufa kwa njaa na kuhara wakibeba mizigo ya majeshi. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na huenda idadi ikafika 350,000. Serikali ya Uingereza iliomba radhi. Katika utumishi wetu wa serikali tumeshika majalada mengi, nasi twajua kwamba orodha isiyoandikwa siku ile huwa ngumu mno kuandikwa miaka 100 baadaye.

Tena tusiende mbali. Chini kidogo ya Nkoaranga, Tengeru, kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi tangu mwaka 1942, watu 5,000 hivi, wengi wao wanawake na watoto waliofukuzwa makwao na vita. Babu alipokuwa akiondoka kwenda kwenye vita vya Wazungu, Wazungu hawa walikuwa wakifika kando ya ziwa Duluti kuvikimbia. Waliofia hapo wamezikwa hapo, makaburi yao yana majina na yamezungushiwa ukuta, na hadi leo watu hutoka Polandi kuja kuyatunza. Hatuwaonei wivu, wafu wao wanastahili. Twasema tu kwamba mwalimu wa Arumeru aliye na nauli ndogo anaweza kuwapeleka wanafunzi wake wakaone kwa macho yao kaburi lenye jina lina maana gani.

Babu mwenyewe alikuwa na njia yake. Mmoja wa baba zetu wadogo ana jina lisilo la Kimeru wala la Biblia. Ni jina la Kinyasa. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni mzaha wa kijeshi. Alikuwa tayari mzee sana alipomwambia bibi, naye bibi akatuambia sisi baadaye, kwamba ni jina la mwenzake aliyebaki bonde la Kabaw. Alikufa kwa nini, na babu alikuwa wapi wakati ule, bibi hakuambiwa. Baadhi ya ndugu wangependa tutafute zaidi. Sisi twaona kwamba kimya kile kilikuwa chake pia, kama ushujaa ulivyokuwa wake, na kwamba mjukuu ana haki ya kuutafuta ukweli wa serikali pasipo kuwa na haki ya kuufungua kila mlango alioufunga mzee. Tunajua wako watakaopinga, hasa wanahistoria.

Lakini majina si siri ya mtu. Karibu na mji wa Yangon, mahali paitwapo Taukkyan, upo ukumbusho wa wale waliokufa Burma wasijulikane walipozikwa, na majina ya askari wa Keya yamo. Yameandikwa jina, cheo na kikosi. Kijiji hakimo. Anayetaka kujua kama yupo mtu wa Nkoaranga, wa Poli au wa Songoro katika orodha ile hana budi kwanza alijue jina alilojiandikishia, ambalo mara nyingi lilikuwa jina la baba au la utani, lililokosewa na karani. Wanaoweza kulisema hilo leo ni mabinti wa wazee wale na wake wa wana wao, na wengi wao wamekwisha kupita miaka 80.